Farasi Asiyekamatika

Mimi ni Mhehe niliyeolewa na Wasukuma wa bonde la Usangu, kwa hiyo nimezoea kutukanwa huku nakula. Utani, wanasema. Mtani anaweza kukuambia mbele za watu kwamba umemaliza kula mbwa wa kijiji kizima. Anaweza kuingia uani kwako akachukua jogoo, wewe unamwangalia, na unatakiwa ucheke. Ukikasirika unatozwa. Miaka yote niliyokaa hapa Chimala nilicheka, na nilikuwa nacheka vizuri tu.

Nilitaka farasi. Najua mtu anajiuliza mwanamke wa mpunga anataka farasi wa nini. Baba yangu alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la wazungu, huko juu Iringa, na mimi nilikulia mazizini nikizoa mavi. Kumsugua farasi nilijua, kumsafisha kwato nilijua, kumvisha hatamu nilijua. Kumpanda, thubutu! Waliopanda ni watoto wa mwenye shamba, mimi nashika kamba natembea kando. Siku nilipomwomba baba nikae juu mpaka pale getini tu, alinizaba kofi, akaniuliza kama nataka afukuzwe kazi. Lile kofi sijalisahau, na hamu haikuisha hata nilipokuwa mtu mzima mwenye mji wangu.

Mume wangu yuko machimboni Chunya, anarudi akikumbuka kwamba ana mke. Nikasema ngoja, nitafute farasi wangu, sikukuu nimpeleke Mbeya mjini, watoto wapandishwe na wapigwe picha. Nikaulizia bei ya farasi aliyekwisha kufundishwa. Mama yangu! Bei ya gari. Basi nikawa natafuta aliyeharibika, yule ambaye watu wamemshindwa, nimtengeneze mwenyewe taratibu. Dereva mmoja anayebeba mpunga wangu akaniambia yuko mmoja Nyololo, kwa mtu wa magogo, na mwenyewe anataka amtoe hata kesho.

Nilikwenda na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunayeishi naye mji mmoja. Mwanamke ukienda peke yako kununua mnyama unapigwa mchana kweupe. Tulikuta ukungu na baridi ya Mufindi inayouma meno. Farasi alikuwa ng'ambo ya uzio, jike, rangi ya udongo, ametugeuzia makalio. Makalio yenyewe yalikuwa na makovu ya fimbo yamepandana. Pembe za mdomo zilichanika kwa sababu walimtia waya badala ya hatamu, wakamvutisha magogo ya misindano, ile misonobari ya mbao. Nilitaka kumtukana yule mzee papo hapo, ila nilikuwa bado sijakubaliana naye bei.

"Walikuwa watatu," mzee akasema. "Wale wawili walikuwa wapole."

"Wako wapi?"

"Si nimekwambia, walikuwa wapole." Akacheka, akatema mate. "Huyu hakamatiki. Ukimkamata, nipe bei ya maksai mzee, uondoke naye."

Vijana wake wakaingia na kamba, na shemeji yangu naye akajitia hodari, yeye si amekulia kwenye ng'ombe? Wakamzungusha asubuhi nzima. Akimwona mtu ameinua mkono tu, huyo, ameshafika upande wa pili. Shemeji akambana kwenye kona, akapigwa teke la paja, akakaa matopeni kwa makalio yake mawili. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, kwa sauti, maana ni shemeji yangu na ni mtani wangu. Yeye hakucheka. Mwishoni farasi tulimpata kwa sababu mzee alikuwa anapeleka ng'ombe mnadani na farasi amezoea kulala nao. Walipoanza kupanda lori naye akapanda katikati yao, lori likatushusha Chimala njiani.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. "Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Loo, Mhehe wewe! Mbwa wameisha, sasa unatuletea huyu? Mchinje basi tuone mnavyokula." Uani kote watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Nilianza kama baba alivyokuwa anaanza: kamba, nguzo, subira. Akaning'ata bega nikashindwa kunyanyua mchi. Nikarudi tena, akavunja nguzo. Kuna jioni niliketi chini kwenye mavi ya ng'ombe nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, nikamwambia kumbe nawe unanionea kama baba. Alikuwa amesimama mbali, anatetemeka. Hasira zikaniisha, nikaona aibu. Nikamwahidi kwa mdomo wangu, kama mtu anavyomwahidi mtu, kwamba kwenye mji wangu hakuna atakayemgusa kwa ubaya.

Dawa alinipa mama mkwe mwenyewe, bila kutaka. Wafugaji wa huku bondeni hawakimbizani na ng'ombe. Jua likielekea kuzama wanawasha moshi wa mavi makavu kufukuza mbu, halafu mtu, kwetu ni mama mkwe, anatikisa kopo lenye magadi. Chaka chaka chaka! Ng'ombe popote walipo wanakuja kulamba. Kila mji una kopo lake, na makopo yote yanalia namna moja. Nikaona farasi anasimama nyuma ya ng'ombe, masikio mbele, anasikiliza. Nikaachana na kamba. Nikawa natikisa kopo, namwaga magadi chini, naondoka. Halafu namwaga, nakaa. Halafu nayashika kiganjani.

Siku aliponilamba mkono nililia kama mtoto. Ulimi wake ulikuwa wa moto, na zile pembe za mdomo zilizochanika ziligusa vidole vyangu. Baada ya hapo mambo yakaenda. Hatamu ya kamba laini, gunia mgongoni, gunia lenye pumba, mwisho mimi mwenyewe. Mpunga ulikuwa umeshavunwa na majaruba yamekauka. Nilivaa suruali ya mume wangu, nikapanda, na farasi akatembea. Jamani, alitembea! Niliona mabati ya Chimala, nikaona barabara kuu na malori yake, vyote viko chini yangu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe akafoka kwamba nitamvunja mnyama mgongo kwa unene wangu, lakini nilimwona anatabasamu. Ilifika mahali nikitikisa kopo nikiwa uani, anakuja mbio kutoka mferejini, anaingiza kichwa kwapani kwangu.

Sikukuu ilipokaribia nilikwenda Mbeya, sokoni Mwanjelwa, nikanunua kitambaa chekundu cha kumtandika mgongoni, kina mashada pembeni. Nilirudi jioni kikiwa mapajani mwangu njia nzima. Nikachukua kopo, nikatikisa. Wakaja ng'ombe, wakaja mbuzi. Nikatikisa tena, nikatikisa mpaka mkono ukauma.

Shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda, anajichokonoa meno. "Shemeji, usijichoshe," akasema. "Watu wanaonunua ngozi za punda walipita. Wameniambia hata ya farasi wanachukua."

Sikuelewa. Kwa kweli sikuelewa, mpaka aliponyoosha kidole kuelekea mferejini.

Nilikimbia. Kwenye tope la mfereji nyayo zake zilikuwa zimepangana vizuri, hatua za mnyama anayetembea polepole. Hapakuwa na mahali aliporuka, wala alipogeuka. Ziliishia pale penye damu, na kopo jingine limelala kando, magadi bado yamo ndani. Mwili waliuacha, mwekundu, inzi wamejaa. Pembe za mdomo zilikuwa na unga mweupe wa magadi. Nilimfunika na kile kitambaa, mashada yakaingia kwenye damu.

Niliporudi uani watu walikuwa wamekusanyika. Shemeji akapaza sauti ili wote wasikie. "Ngozi yangu, nyama tumekuachia wewe, Mhehe!" Wakacheka. Walicheka kama wanavyocheka siku zote. Nikamuuliza alimkamataje, yeye aliyetupwa matopeni kule Nyololo.

"Nimkamate wapi? Alikuja mwenyewe."

Nilimpiga mdomoni na lile kopo nililolitoa mferejini, nikampiga tena, mpaka meno yakatoka. Nasema sikujutia wakati ule na sijutii leo.

Wazee wa kitongoji wakatuweka kikao. Shemeji, mdomo umevimba, akasema ule ulikuwa utani, mimi ni mtani wake mara mbili, kwa kabila na kwa ushemeji, na mtani akichukua mnyama hadaiwi. Nikawaambia huyo si jogoo, nimehangaika naye, nilimwahidi! Mzee mmoja akaniuliza nilimwahidi nani. Farasi, nikasema. Wakatazamana, mmoja akaficha kicheko kwenye koti. Nikamgeukia mama mkwe, maana yeye alijua, yeye alituona. Akatazama miguu yake. Huyo aliyeng'oka meno alikuwa mwanawe.

Wakaamua kwamba aliyechukua alitania, na aliyepiga alikasirika. Nikatakiwa nitoe mbuzi, achinjwe hapo hapo, tule wote na shemeji yangu tupatane. Nilikuwa na beberu mmoja mweupe, alikuwa anakula huko mbali kwenye mabua. Shemeji akainuka na kamba eti akanisaidie kumkimbiza.

Nikamwambia akae chini. Nikachukua kopo, nikatikisa, na beberu wangu akaja mwenyewe.