Siku Niliyomlilia Kerubo Akiwa Hai

Ni ule mwaka mvua iliozesha mahindi shambani, tukala ndizi za kuchemsha asubuhi na viazi vitamu jioni mpaka wajukuu wakaninunia, ndio mwaka nilijiaibisha mbele ya kijiji kizima cha Sironga, na nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Nilikuwa nimeanza dawa ya kusahau (ya kuzuia kusahau, jamani, kusahau kwenyewe nilikuwa nakuweza bila dawa). Mwanangu Ombati alikuwa ameshasema nikichanganyikiwa tena kidogo ananihamishia kwake Nakuru, huko ghorofani. Daktari alisema nimeze asubuhi nikishakula, lakini ikanichafua tumbo, Sabato moja nikatoka kanisani mbio katikati ya maombi, nikaamua mwenyewe kwamba nitameza nikienda kulala.

Ndoto zikaja. Ukungu uliingia nyumbani polepole kama ng'ombe anayejua zizi lake, majani chai yakang'aa, marehemu mume wangu akapita bila kunisalimia, na Kerubo, mke wa shemeji yangu, amelazwa kati ya migomba na gauni lake jeupe la kanisa, amekufa, mzuri kuliko alivyo. Nikaamka uso umelowa, kumekucha, na ukungu wa ndoto na ukungu wa nje ni mmoja.

Kwetu msiba huulilii ukiwa umekaa. Nikatoka barabarani nikiita jina lake, wachuma chai wakaacha vikapu wakanifuata wakilia, wengine wakaanza kutaja wema wa Kerubo (hawakuwa na mengi), tukaingia kwake kama mto. Kerubo ameketi mlangoni anakunywa uji.

"Nani amekufa?"

"Wewe," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. "Basi endelea, Mama Ombati. Nisikie unavyonililia."

Watu walicheka mpaka wakakaa kwenye nyasi.

Ombati akaja, akanipeleka kwa daktari, naye akasema dawa hiyo ikimezwa usiku huleta ndoto kali, nirudie kumeza asubuhi, na tumbo likisumbua nimwambie yeye. Nimekubali, sijibadilishii dawa tena. Lakini tulipofika nyumbani Ombati akaanza kukunja nguo zangu.

"Sihami, Ombati. Nikiota, nitaotea kwangu."

Akasema nimemtisha Kerubo. Kerubo, amesimama hapo hapo, akasema hajatishika, hajawahi kuliliwa vizuri hivyo. Ombati akainua sanduku, mama twende.

"Sihami, Ombati. Nikiota, nitaotea kwangu."