Alama ya Kuuliza Kwenye Faili la Urho

Wewe ukimkuta mzee wa miaka sabini na moja amelala chali dukani, saa nne asubuhi, mbele ya mashine ya kurudishia chupa tupu, utamshika mkono au utamnusa mdomo?

Urho Kesäniemi alinuswa. Alikuwa ameinama kuokota chupa iliyomponyoka, akainuka, duka zima likawa jeusi. Alipofumbua macho, chupa tupu zilikuwa zinabingirika kuelekea kwenye rafu za mikate, na mwanamke asiyemjua alikuwa amemwinamia, pua mbele.

"Mwacheni," alisema mwanamume mmoja kwenye foleni. "Anarudisha alizozimaliza mwenyewe."

Watu wakacheka. Zilikuwa chupa za maji ya gesi na soda ya limau, lakini nani anahangaika kusoma lebo wakati hukumu imeshatoka?

Kwenye kituo cha afya walimpulizisha kifaa cha kupima pombe. Sifuri. Daktari alikuwa na dakika kumi kwa kila mgonjwa. Akampima presha akiwa ameketi kitini, akaona iko juu, akamwongezea nusu kidonge. Kisha akaandika kwenye faili: *Pombe?* Neno moja na alama ya kuuliza. Kifaa kimeshajibu, na mtu msomi bado anauliza!

Alama ile haikubaki kwenye kompyuta. Marketta, binti yake Urho, ana ruhusa ya kusoma faili la baba yake kwenye simu. Jioni ile ile akaja, akaingia bila kubisha hodi.

"Baba, nipe ufunguo wa sauna."

"Wa nini? Leo sijawasha moto."

"Nipe tu."

Akaingia kwenye kile chumba cha kuogea mvuke, akapekua chini ya mabenchi, akapekua nyuma ya kuni. Akashuka ghalani na kurudi na kreti la chupa kumi na mbili za sharubati nyeusi ya matunda ya vichaka vya uani, zile ambazo Urho huzikamua kila Agosti na kuziziba kwa vifuniko vya mpira mwekundu.

"Hiyo ni sharubati, Marketta. Vile vichaka alivipanda mama yako."

"Labda imechacha."

"Mimi ndiye niliyechacha, siyo?"

Marketta aliingiza kreti kwenye buti la gari, akasema akiwa amempa mgongo, "Helmi haji Jumatano. Ijumaa pia haji. Siwezi kumwacha mtoto wa miaka saba avuke barabara na mtu ambaye..." Akaufunga mlango wa gari kabla sentensi haijaisha.

Tuseme ukweli, Marketta alikuwa na sababu. Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya harusi yake, Urho aliangukia meza ya keki mbele ya wakwe. Kesho yake akaacha pombe. Tangu hapo hajaonja hata tone: si kiwandani, alikoendesha winchi ya magogo mpaka akastaafu, si siku waliyomzika mkewe. Hakutaka medali. Alichopata kwa miaka yote hiyo ni mkono wa mjukuu wake Helmi ndani ya mkono wake, siku mbili kwa wiki, mpaka kwenye geti la shule. Sasa alama ya kuuliza ilikuwa imemnyang'anya hata huo.

Jumanne iliyofuata akarudi kituoni. Hakwenda kutibiwa.

"Nimekuja nifutiwe alama," alimwambia muuguzi, Outi Rasila, mwanamke mnene mwenye sauti ya kocha wa mpira.

"Alama gani, Urho?"

"Ya kuuliza. Kama mna jibu, liandikeni. Kama hamna, futeni."

Outi alisoma faili. "Ulipoanguka ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nainuka."

"Na mara nyingine?"

"Mara gani nyingine?"

"Usinifanye mjinga. Nyusi yako ina kovu bichi."

Urho alitazama viatu vyake. "Nikitoka kitandani. Nikishuka kwenye benchi la juu la sauna."

"Kuna mtu amewahi kukupima presha ukiwa umesimama?"

"Kwani presha ina miguu?"

"Lala hapo, mcheshi."

Akalala dakika tano, mkanda wa kipimo mkononi. Mia moja sitini na mbili kwa themanini na sita, moyo mapigo hamsini na nane. "Sasa simama. Usiongee." Baada ya dakika moja, mia moja kumi na nane. Sakafu ikawa laini kama godoro.

"Unaona nyota?"

"Naona mpaka mwezi."

"Shika meza." Dakika ya tatu ikafika: mia moja na sita kwa sitini na nne, na moyo mapigo sitini na moja tu. Outi aligonga kioo cha kipimo kwa ukucha. "Damu imebaki miguuni. Moyo ulitakiwa ukimbie uipandishe kichwani, lakini vidonge vimeupiga breki, umekaa tu kama bosi. Na wiki iliyopita tumekuongezea nusu. Hii ndiyo pombe yako, Urho."

Ungetegemea afurahi. Urho alikasirika.

"Imechukua muda gani?"

"Dakika nane, ukiweka na za kulala."

"Nane! Mmekosa dakika nane, mkaniita mlevi mbele ya mwanangu?"

Outi angeweza kuzungumzia foleni, au uhaba wa watu. Alisema, "Ndiyo."

Akampigia daktari simu, vidonge vikapunguzwa. Akamwelekeza Urho: asubuhi akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ahesabu mpaka sitini, kisha ainuke ameshika kitu.

"Na ile alama?"

"Siruhusiwi kufuta maneno ya daktari. Naweza kuandika chini yake."

"Andika. Binti yangu husoma mpaka chini."

Hakumpigia Marketta simu. Yeye ndiye aliyenuswa. Kwa nini aanze yeye?

Kesho yake Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, nje bado giza la majira ya baridi, Urho alikuwa bado amelala aliposikia gari. Kupitia dirishani akaliona uani, limezimwa, Marketta ameshika usukani, hashuki. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akashuka, akafungua buti, akaanza kupanga chupa kwenye ngazi, mbili mbili, chini ya taa ya kibarazani. Zote kumi na mbili. Mwisho akaweka kando yake mfuko wa plastiki, na ndani yake vifuniko vyekundu. Alikuwa amevingʼoa vyote, chupa moja baada ya nyingine, akinusa. Sasa ndiyo sharubati itachacha.

Nyuma yake Helmi akateremka na begi la shule.

Kengele ya mlango ikalia. Urho akajiinua taratibu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuchezesha vifundo vya miguu, akihesabu.

"Baba?" Sauti ya Marketta ilikuwa ndogo. "Baba, upo?"

Kengele ikalia tena. Urho alikuwa amefika thelathini na moja.