Boriti za Bango Letu

Leo tumemkamatisha mzee wa watu, halafu tukaimba.

Sisi vijana wa kanisa tumetoka Kibiti mjini kwenda deltani kupanda mikoko. Tumefika, bango letu la "Tutunze Uumbaji wa Mungu" halina pa kusimama.

Nikatumwa mimi nitafute miti.

Mzee Mbwana, mwenyeji wa pale, akanikatia boriti mbili za mkoko mbichi. Hela akakataa.
"Nyie wageni wetu, mjukuu wangu."

Baadaye afisa misitu akaja kutupongeza. Elisha, mwenyekiti wetu, akamwonesha visiki viwili vibichi.
"Nani kakata hapa bila kibali?" afisa akauliza.

Mzee akanitazama. Akasubiri.
Mimi nikainama, nikaendelea kupanda.
"Nimekata mimi," akasema.

Elisha akamhubiria dhambi ya kuharibu uumbaji, mbele ya wajukuu zake, simu zinarekodi. Tukaitikia amina. Kwa nguvu kabisa, jamani.

Boti ya afisa ikaondoka naye. Tukaimba, tukapiga picha ya pamoja, tukaiweka mtandaoni.

Nyie mnaoandika "Mungu awabariki", ikuzeni hiyo picha kidogo, mtazame bango limesimama juu ya nini.

Niliyeshika boriti ya kulia ni mimi. Ninacheka.