Mjukuu Wangu na Mkojo wa Chini ya Bahari

Mjukuu wangu huwapeleka wageni kuzamia chini ya bahari, mtungi wa hewa mgongoni. Hapa Micheweni wasichana wa kazi hiyo nawahesabu kwa kidole kimoja. Wako wanaume wamevua tangu utotoni na hawajafika anakofika yeye. Nasema kwa kujisifu, wala sioni haya.

Wakati bado anajifunza, mtihani wa mwisho umekaribia, alirudi siku moja mchana mapema, macho yamemzama, mguu umemkaza. Mwalimu wake kamshusha chomboni. Kamwambia hazami tena, na mtihani hafanyi, mpaka aache kuzama na kiu, maana mwili mkavu huko chini humletea mtu maradhi ya kupooza.

"Kwani maji hunywi?" nikamuuliza.

"Sinywi, bibi. Tangu jana magharibi."

"Umefunga?"

"Sijafunga. Naukimbia mkojo."

Akanieleza. Ukizama, baridi huusukuma mkojo utoke, na ile suti ya mpira imekubana mwili mzima, huwezi kuivua chini ya maji. Wenzake wote hukojoa humohumo, wageni kwa wenyeji, si siri. Yeye hawezi. Adhuhuri humkuta chomboni, na atasali vipi ana mkojo mwilini?

Maneno yale yalikuwa yangu. Nimemlea mie. Tangu anajifunza kutembea nilikuwa nikimfinya sikio: mkojo ni najisi, aliyejikojolea hasimami mbele ya Mola. Mtoto kakishika nilichomtia, mpaka anataka kufa nacho.

"Mke mwenzangu," nikamwita, ndivyo tunavyotaniana, "mie nimepanda mwani tangu mama yako hajaolewa. Siku za bamvua, bahari ikitoka mbali, tunakaa saa nne, saa tano, maji ya kiuno. Wadhani choo chetu kiko wapi?"

Akanitazama. "Bibi, mwani ule wanautia kwenye dawa ya meno."

"Na wapige mswaki."

Akacheka mpaka mguu ukamkaza tena.

Hapo ndipo nikamwambia nilichosahau kumwambia alipokuwa mdogo: najisi hutoka kwa maji. Sisi tukitoka mwanini tunajiosha, tunabadili nguo, tunasali. Sijamjua mwanamke aliyeacha mwani kwa ajili ya mkojo, wala aliyeacha sala kwa ajili ya mwani. Nikampa dumu la maji ya kisima, kopo, na doti yangu ya kanga. Akipanda chomboni ajistiri, avue, ajisafishe, atawadhe.

"Watanicheka."

"Wacheke. Wao wanarudi nao kwao."

Asubuhi ya mtihani alikunywa vikombe vitatu vya maji mbele yangu, kimoja baada ya kimoja, kama anakunywa shubiri. Akaenda, dumu mkononi. Siku ile sikushika kazi ikakamilika.

Aliporudi, sikumuuliza habari ya mtihani.

"Umekojoa?"

"Nimekojoa, bibi. Mara mbili. Na nimefaulu."

"Na adhuhuri?"

"Nimesali chomboni. Wenzangu wawili wakaniomba lile kopo."

Nikaipokea ile suti, nikaigeuza ndani nje, nikaifua mwenyewe. Ilikuwa inanuka, siwafichi. Nikaianika mbele ya nyumba, upande wa njia, kila apitaye aione.