Jina la Merikebu Iliyozama

Shuka zilizolowa zikinukia sabuni kwenye kamba, namwona tena nkambo, mama wa baba, akikamua shuka uani siku ile. Nilikuwa namweleza somo la masista: merikebu ya vita yenye matanga ilizama, wazungu wakaunda nyingine, wakaipa jina lilelile. Nayo ikazama.

“Banapatia mutoto jina ya mwenye kufa mu mayi, kisha banamutuma mu mayi?” nkambo akauliza.

Ndani, baba alitaka kumpa mdogo wangu mchanga jina la baba mkubwa, kaka yake askari aliyekufa kwa risasi. Na mjini risasi zilikuwa bado zinalia.

Nkambo akaingia, mikono ikichuruzika maji. “Jina ya mwana yangu ilale!” Akatoa la babu yake, mzee aliyekufa usingizini, ameshiba bukari, ugali wetu.

Mpaka leo, mdogo wangu akishiba akalala, tunamsikiliza kwanza kama anapumua.