Lori la Mbao la Elburgon

Mwaka wa uchaguzi wa baraza la wenyeji, 1957, Kimaiyo alikuwa mpasua mbao Elburgon, na jambo moja lilimnyima usingizi: binti yake Jepchumba. Msichana aliugua kifua kikuu, na kila juma alipaswa kufika hospitali ya Nakuru kudungwa sindano. Basi halikuwa likifika kambi yao ya kiwanda cha mbao. Alikuwa akipanda juu ya lori la mbao, ameshikilia mnyororo wa kufungia mzigo.

Lori lilikuwa la Jonah, mmoja wa wagombea wawili. Mpinzani wake, mwalimu Kosgei, aliuambia mkutano, "Mkinichagua, nitadai basi lifike hapa, na mtu asibebwe tena juu ya mbao. Sisi si magogo!"

Watu wakacheka. Jonah akainuka, kofia mkononi.

"Mwalimu, hilo basi lako lina rangi gani? Lori langu wanalipanda leo. Hebu tumuulize Kimaiyo. Rika, lori halikutoshi?"

Macho yote yakamgeukia Kimaiyo. Alijua mnyororo ule umelika. Yeye mwenyewe alikuwa ameuunga kwa waya. Lakini yeye na Jonah walitahiriwa pamoja, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja, na kwao mtu hamwaibishi wa rika lake mbele ya watu. Adabu hiyo ni njema pale ambapo hakuna roho ya mtu iliyo hatarini. Angeweza kumwambia kando, baada ya mkutano. Hakumwambia siku hiyo wala nyingine.

"Linatutosha," akasema.

Siku ya kura watu walijipanga nyuma ya wagombea. Mstari wa Jonah ulizunguka rundo la maranda, na Kimaiyo alikuwa ndani yake. Nyuma ya mwalimu walisimama wachache, wakitazama chini.

Mvua zilipoanza, lori liliteleza kwenye mteremko wa kwenda Njoro. Mnyororo ukakatika pale penye waya, mbao zikamwangukia Jepchumba. Alifikishwa Nakuru akiwa maiti.

Gari jingine la kumrudisha nyumbani halikupatikana. Jonah alikuja mwenyewe na lori hospitalini, macho mekundu.

"Rika, keti mbele na mimi. Tafadhali."

Kimaiyo alisimama kwenye matope, hajui aende wapi. Mkewe, Cheptanui, alikuwa amekwisha panda nyuma, mkono juu ya sanduku la maiti.

"Panda, baba Jepchumba," akasema bila kumtazama. "Linatutosha."