Uzi Mpya kwenye Nishani Kuukuu

Mume wangu Ottokar ameoa maiti. Ndivyo ninavyowajibu ndugu zangu wa Songea wakipiga simu kuuliza mzee anafanya nini siku hizi, tangu aache kuendesha tramu. Asubuhi mkate haujafika mezani, meza yangu ya jikoni imeshajaa shaba za wanajeshi waliokufa: nishani za Wajerumani wa enzi za mfalme, zimeshonwa safu moja juu ya kitambaa cha sufu, zinanuka dawa ya nondo na jasho la kale. Mimi nakata soseji, yeye anaupulizia pumzi msalaba wa marehemu na kuusugua kwa shati. Kefule!

Kazi yenyewe ni kutafuta mwenye mali. Nishani nyingi hazina majina, lakini kila mwanajeshi alikuwa na mchanganyiko wake, na kila nishani ilikuwa na nafasi yake, hii mwanzo, hii mwisho, kwa sheria. Ottokar anaisoma safu na kusema: huyu alikuwa daktari wa farasi, alipigana Ufaransa, akazeekea jeshini. Kisha anafukua na kufukua mpaka anampata mtu na jina lake. Akimpata anapiga meza na kuimba. Wanaonunua na kuuza vitu hivi wanamheshimu kwa jambo moja: hajawahi kumpa marehemu nishani isiyo yake. Hata mimi na kinyaa changu, hilo nililiheshimu.

Jumapili moja akaja jirani yetu Irmtraud Lösche, mjane wa miaka themanini na kitu, amebeba keki ya jibini na kisanduku. Huyu ndiye aliyenipokea nilipofika hapa Ujerumani, kando ya mto Elbe. Aliposikia naitwa Otilia alicheka mpaka akakaa chini. "Hilo jina la shangazi yangu! Wewe umelitoa wapi?" Nikamwambia mapadre wenu walilileta kwetu, misheni ya Peramiho, kwa meli, pamoja na kengele. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kunywa kahawa pamoja.

"Bwana Hempel," akamwambia mume wangu kabla hajavua koti, "wanataka kumng'oa babu."

Huku kaburi ni la kupanga. Muda ukiisha, jiwe linaondolewa na nafasi anapewa mwingine. Babu yake, Reinhold Tauscher, muda wake ulikuwa umeisha. Lakini baraza la kanisa lilisema litamwachia nafasi yake daima ikithibitika kwamba ndiye aliyeokoa watoto zamani kivuko kilipopinduka mtoni. Ukoo mzima ulikuzwa na hadithi hiyo. Ushahidi ulikuwa kisandukuni: safu ya nishani nne, na ya mwisho ni ile waliyopewa watu waliowatoa wenzao majini. Baraza lilikuwa linasubiri neno la Ottokar tu.

"Mama yangu yupo palepale," Irmtraud akasema. "Nami nataka nilale hapo. Wakisawazisha, mimi nitatupwa wapi?"

Nikamshika mkono. Kweli nilimwonea huruma.

Ottokar aliigeuza ile safu mara kadhaa, uso ukamkunjamana. "Bibi Lösche, nishani ya uokozi haikai mwisho. Inakaa huku mbele, karibu na Msalaba wa Chuma. Fundi wa enzi zile asingekosea hivyo, angefukuzwa kazi." Akaingia nayo stoo, akawasha taa yake ya zambarau. Nikachungulia. Chini ya taa ile uzi wa zamani haung'ai, lakini uzi wa kiwandani wa baada ya vita unang'aa. Nishani tatu zilitulia. Ya nne iling'aa pembeni kote kama meno ya mtu kwenye disko.

"Hii ilishonwa baadaye," akasema akitoka. "Hapa palikuwa na nyingine."

Irmtraud hakushangaa, na hilo ndilo lililonishtua. Alifungua pochi, akatoa leso, na ndani ya leso mlikuwa na nishani yenye kibao chembamba cha shaba. "Mama aliibandua wakati wa ile serikali ya wafanyakazi, ya kikomunisti. Ilikuwa balaa kuonekana nayo. Hiyo ya uokozi aliinunua gulioni. Wale watoto... sijui. Labda waliokolewa na mtu mwingine."

Ottokar akakisogeza kibao dirishani akasoma: Afrika Mashariki, na miaka ya Maji Maji.

Basi unajua mume wangu alifanya nini? Alipiga meza, akaniita kwa kifupi cha jina langu. "Nadra hii! Otti, njoo uone! Kutoka mji huu hawakwenda hata watu watatu. Sasa nimempata, ni Tauscher mwenyewe!" Akaanza kuimba.

Nikaisukuma ile keki mbali. Bibi yangu alizaliwa na mama aliyenusurika njaa ya vita hiyo akiwa mtoto. Askari walichoma ghala, wakachoma mashamba, hawakuacha hata mbegu. Mpaka anakufa, bibi alikuwa akiokota sakafuni punje mojamoja ya mahindi, kwa kuwa mama yake alimfunza hivyo. Na huyu wangu anaimba!

"Otilia mwanangu, usilichukulie vibaya," Irmtraud akasema. "Babu alipapenda sana kwenu. Alisema watu wenu ni wapole."

"Wapole kabla ya kuchomewa chakula, au baada?"

"Aa, mambo ya kale hayo. Bwana Hempel, andika ya uokozi tu. Nani atajua?"

Nilimtazama Ottokar. Alikuna kidevu. "Uongo siandiki," akasema. "Ila naweza kuandika kwamba safu ni ya Tauscher. Hiyo ni kweli. Mengine nikayanyamazia."

"Tangu lini umeanza kutoa ukweli nusu kilo?"

"Otti, nishani ni nishani. Kazi yetu ni kumtafuta mwenyewe."

"Basi mpe mwenyewe vyake vyote!"

Nikachukua mkasi, nikaibandua ile ya uokozi. Nikachukua sindano na uzi mweupe wa juzi dukani, ule unaong'aa kuliko wote, nikaishona ya Afrika Mashariki mahali pake. Ottokar alishika kichwa. "Unaiharibu! Kila mwenye taa ataona imeguswa!"

"Na aone," nikamwambia, nikakata uzi kwa meno.

Kisha akavuta kalamu, akaandika jina la Tauscher na nishani zake nne, ya Maji Maji ikiwemo. Ya uokozi, akaandika, haikuwa yake. Irmtraud alibeba kisanduku na keki yake bila kuaga.

Majira ya kuchipua waliliondoa jiwe. Nilikwenda nikiwa na hamu ya kuona, na nilipoona sikupata raha, kinyaa kilikuwa palepale. Irmtraud alikuwa amesimama kando ya udongo uliosawazishwa, analia.

"Sasa umefurahi, Otilia?"

"Wa kwetu hakuna aliyewawekea jiwe la kung'oa," nikamjibu.